HUDUMA YA UKUNGA NYAKANAZI, BIHARAMULO NA NGARA: JINSI UJUZI UNAVYOMFIKIA MKUNGA

Kitabu cha ubatizo cha usharika kina safu ya jina la mtoto, ya tarehe ya kuzaliwa, ya majina ya wazazi, ya wasimamizi, na ya mchungaji aliyebatiza. Hakina safu ya mkunga. Ndivyo ilivyo hata katika vitabu vya kumbukumbu kama hiki: orodha za wachungaji, wainjilisti, wazee wa usharika na wanakwaya ni ndefu, lakini mikono iliyowapokea watu hao wote siku ya kwanza ya maisha yao haikutajwa mahali popote. Biblia haikufanya hivyo. Katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Kutoka, Farao hatajwi jina lake, bali wakunga wawili waliokataa kuitii amri yake, Shifra na Pua, wametajwa kwa majina. Nao wahenga wetu walionya: Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Sura hii basi ni ya wakunga. Haikusudii kuwataja mmoja mmoja, maana walio wengi hawakuandikwa na mtu. Inakusudia kufuata jambo moja tu, nalo ni namna ujuzi wa kazi hii ulivyosafiri hata ukafika, au ukakawia kufika, katika mkono wa mkunga anayefanya kazi mbali na miji mikubwa. Nyakanazi ni njia panda. Malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapa. Barabara moja yatoka Kahama, nyingine yaelekea Kibondo na Kigoma, na nyingine yapanda Lusahunga ambako hugawanyika kwenda Biharamulo na Ngara. Habari za bei ya mafuta na za mpakani hufika hapa kabla jua halijazama. Habari za ukunga zimekuwa zikija polepole zaidi, na gharama ya kukawia huko imelipwa na akina mama.

Wakunga wa jadi

Kabla ya kuwapo zahanati, mtoto wa Mhangaza, Msubi, Muha au Msukuma alipokelewa na mwanamke mtu mzima wa jirani au wa ukoo, ambaye mwenyewe alikuwa amezaa, na aliyejifunza kazi hiyo kwa mama yake au shangazi yake kwa kutazama na kushika. Hakuwa na cheti, wala hakudai mshahara. Alipewa kuku, au pombe, au siku ya kulimiwa shamba. Alijua kumtuliza mzazi na kumkalisha mkao unaompunguzia maumivu. Alijua kusubiri. Alikata kitovu, akamwogesha mtoto, akakaa na mama siku za kwanza hata apate nguvu.

Mambo mawili katika hayo yanastahili kutajwa, kwa kuwa kwa miaka mingi hospitali zetu ziliyakataza. La kwanza ni mzazi kuwa na mwenzake anayemfahamu wakati wa uchungu. La pili ni uhuru wa kuchuchumaa, kupiga magoti au kuegemea upande badala ya kulazwa chali. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mipya ya huduma wakati wa uchungu na kujifungua, na yote mawili yamo humo. Bibi zetu wangelicheka kidogo.

Hata hivyo, si haki kuusifu ukunga wa jadi kupita kiasi. Mkunga yule hakuwa na silaha dhidi ya damu iliyokataa kukoma, dhidi ya kifafa cha mimba, wala dhidi ya uchungu pingamizi, yaani pale mtoto anaposhindwa kupita. Kitovu kilichokatwa kwa kitu kisicho safi kilileta pepopunda, na mkono usiooshwa ulileta homa ya uzazi. Mahali ambapo ujuzi ulikoma, shutuma ziliingia. Katika makabila mengi ya Afrika Mashariki mwanamke ambaye uchungu wake ulichukua muda mrefu alitakiwa aungame wanaume aliolala nao, kana kwamba mtoto amezuiwa na dhambi ya mama. Wako waliokufa wakihojiwa. Sisi tulio wachungaji hatuwezi kulipita jambo hili kimya, maana hata baada ya Injili kuingia, fikira hiyo haikutoka upesi vichwani mwa watu, na pengine tuliivika maneno ya Kikristo.

Shule na sheria

Mafundisho rasmi ya ukunga katika kanda ya Ziwa Viktoria yalianzia Uganda. Daktari Albert Cook na Katharine Timpson, muuguzi, walifika Mengo mwaka 1897 wakiwa na kundi la wamisionari wa Kianglikana, nao baadaye wakaoana. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walianzisha shule ya kufundisha wasichana wa Kiafrika ukunga, iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati huo. Waliandika pia kitabu cha ukunga kwa Kiluganda. Kwa maoni yangu hilo la kitabu ndilo kubwa zaidi: mkunga aliyeondoka shuleni kwenda kijijini alikuwa na kitu cha kurudia kukisoma katika lugha aliyoielewa.

Upande wetu wa mpaka mambo yalikwenda taratibu. Wamisionari wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910, na hospitali za Kilutheri za Ndolage katika Buhaya na Nyakahanga katika Karagwe zikaja kuwa mahali pa kuzalia na pa kufundishia. Katika Ngara, Waanglikana walijenga Murgwanza na Wakatoliki wakajenga Rulenge. Lakini eneo la Nyakanazi lilikuwa pori la mbung'o, lenye watu wachache waliotawanyika, na hospitali zote hizo zilikuwa mbali. Mgonjwa alibebwa kwa machela mabegani mwa wanaume, wakipokezana. Ndugu zetu wa Rwanda na Burundi huiita machela hiyo ingobyi, na neno hilohilo ni jina la ngozi ambayo mama humbebea mtoto mgongoni. Mama aliyebebwa kwa ingobyi ili akazae apate mtoto wa kubebwa kwa ingobyi: lugha imeyaweka mambo hayo mawili pamoja, ingawa njiani mara nyingi yalitengana.

Mwaka 1952 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuandikisha wauguzi na wakunga, na Baraza la Wauguzi na Wakunga likaanzishwa mwaka uliofuata. Tangu hapo ukunga ukawa taaluma yenye daftari, mitihani na adhabu kwa anayekiuka. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1997, na tena mwaka 2010. Wakunga wenyewe walianzisha chama chao cha taifa katika miaka ya 1990, na tarehe 5 Mei ya kila mwaka huadhimishwa duniani kote kuwa Siku ya Wakunga. Daftari hilo lilikuwa na faida kubwa, lakini lilichora pia mstari: upande mmoja mkunga aliyesajiliwa, upande mwingine bibi wa kijijini ambaye sheria haikumjua. Na ni yule bibi aliyekuwapo usiku.

Semina na sanduku

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali iligeuza uso wake kuelekea vijijini. Zahanati zilijengwa, na katika miaka ya 1970 wasichana waliomaliza elimu ya msingi walifundishwa kuwa wahudumu wa afya ya mama na mtoto, wakarudishwa vijijini kupima wajawazito, kuchanja watoto na kuzalisha. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, uliozungumzia afya ya msingi kwa watu wote, uliikuta Tanzania imekwisha kuanza.

Katika hali hiyo iliamuliwa pia kuwafundisha wakunga wa jadi. Waliitwa kwenye semina za siku chache au majuma machache, wakafundishwa kunawa mikono, kutumia wembe mpya, kufunga kitovu kwa uzi safi, kutambua dalili za hatari na kumpeleka mzazi hospitalini mapema. Walipewa sanduku lenye sabuni, wembe, uzi na mpira wa kulalia. Wanawake hawa walirudi wakiwa na heshima mpya. Kisha sabuni ikaisha, na wembe ukaisha. Wasimamizi waliotakiwa kuwatembelea hawakuwa na usafiri. Na dalili za hatari walizofundishwa kuzitambua zilikuwa na maana gani pale ambapo hakuna gari la kumpeleka mama mahali?

Mkutano wa Nairobi wa mwaka 1987 ndio uliouambia ulimwengu waziwazi ukubwa wa vifo vya uzazi na kuanzisha juhudi za uzazi salama. Katika miaka iliyofuata wataalamu walihesabu, wakaona kwamba mafunzo ya wakunga wa jadi peke yake hayakuwa yamepunguza vifo vya akina mama. Uamuzi ukabadilika: fedha na nguvu zielekezwe kwa wakunga waliosomea, na kila mama azalie mahali penye mtu mwenye ujuzi, dawa na njia ya kupelekwa juu zaidi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, nami nausema bila kusita. Namna ulivyotekelezwa ndiyo yenye walakini. Wanawake waliokuwa wameitwa kwenye semina kwa heshima waliambiwa ghafla waache. Mahali pengi hawakupewa kazi nyingine, wala hawakushukuriwa. Katika baadhi ya vijiji vya nchi yetu zilitungwa sheria ndogo za kumtoza faini mama aliyezalia nyumbani, na faini hiyo iliwaangukia walio maskini na walio mbali, yaani walewale ambao barabara haijawafikia. Ambako walipewa kazi ya kumsindikiza mjamzito hadi zahanati na kukaa naye, mambo yalikwenda vizuri zaidi, kwa sababu mama mwoga huandamana na mtu anayemwamini.

Tuliweke akilini jambo hili la semina ya siku chache isiyofuatiliwa, kwa kuwa tutalikuta tena mbele, na safari hiyo si kwa wakunga wa jadi.

Glovu, wakimbizi, na barabara

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera. Kwa mkunga, ambaye kazi yake yote ni damu na maji ya uzazi, habari hiyo ilibadilisha mazoea ya mikono. Kabla ya hapo wengi walizalisha kwa mikono mitupu na kunawa baadaye. Glovu zilikuwa chache, zikichemshwa na kutumiwa tena. Baada ya hapo glovu ikawa mpaka kati ya uhai na kifo, na mama akatakiwa aje nayo kutoka nyumbani pamoja na kanga, wembe na pamba zake, kwa kuwa zahanati haikuwa na akiba ya kutosha. Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Kampala ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na moja kwa mtoto, hupunguza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mwaka uliofuata Tanzania ilianza majaribio ya huduma hiyo katika hospitali chache, na tangu mwaka 2013 kila mjamzito mwenye virusi huanzishiwa dawa za maisha. Ndani ya miaka thelathini mkunga huyohuyo alitoka kwenye hofu, akapita kwenye dozi moja, akafika mahali ambapo mama mwenye virusi huzaa mtoto asiye navyo na jambo hilo halimshangazi mtu.

Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria watu 250,000 kwa muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco katika Ngara ikawa, kwa siku chache tu, moja ya makao makubwa ya watu nchini. Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi, TCRS, ambalo lilianzishwa mwaka 1964 kwa msaada wa Fungamano la Kilutheri Ulimwenguni, lilikuwa miongoni mwa yaliyofanya kazi huko. Historia za wakati ule husimulia juu ya kipindupindu, chakula na siasa za kambini. Juu ya uzazi husema machache, ingawa katika umati ule palikuwa na wajawazito maelfu, na mimba haingojei hema lisimamishwe. Warwanda walirudishwa kwao Desemba 1996; Warundi walikuwa wangali wakija.

Kutoka Nyakanazi kwenda Kibondo, katika kambi ya Mtendeli, watafiti walifuatilia uzazi wa wakimbizi wa Kirundi kati ya mwaka 1997 na 1998. Waligundua kwamba vifo vya watoto wachanga na vya akina mama katika uzazi vilikuwa asilimia 16 ya vifo vyote vya kambi. Aidha, mama aliyeugua malaria mara tatu au zaidi katika mimba alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupoteza mtoto. Kwetu sisi tunaoishi nje ya uzio wa kambi malaria ni ileile, kwa hiyo somo lilikuwa letu pia. Tangu mwaka 2001 wajawazito nchini hupewa vidonge vya SP kliniki, na mwaka 2004 zikaanza Hati Punguzo za kununulia vyandarua.

Kuhusu barabara niseme kwa ufupi. Miaka ile na iliyofuata, majambazi walikuwa wakivizia magari katika mapori ya Biharamulo, na magari yalisindikizwa na askari kwa misafara. Mama mwenye uchungu hakuwa na jinsi ya kungoja msafara. Wataalamu husema kuna aina tatu za kuchelewa zinazomwua mzazi: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa akiisha kufika. Kwa miongo mingi hapa kwetu ile ya pili ilimeza zile nyingine. Tangu mwaka 2022, mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, ulianza kuenezwa nchi nzima: mtu hupiga namba 115 bila malipo, na pasipokuwa na gari la wagonjwa, dereva wa kawaida aliyeandikishwa humchukua mama na kulipwa na mfumo. Wazo ni jepesi. La ajabu ni kwamba lilichukua muda mrefu hivyo.

Karatasi yenye mistari miwili

Sasa nije kwenye mambo ya ndani ya chumba cha kuzalia, ambayo sisi wanaume tumezoea kuyaacha mlangoni.

Mwaka 1972 madaktari wawili waliofanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, Philpott na Castle, walichapisha karatasi ya kuchora mwenendo wa uchungu, iitwayo patografu. Mkunga huweka alama kila anapompima mzazi, kuonyesha jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka saa kwa saa. Karatasi ina mistari miwili. Wa kwanza ni wa tahadhari: alama zikivuka hapo, mama aliye zahanati apelekwe hospitali. Wa pili, saa nne mbele, ni wa kuchukua hatua. Kumbe chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya hospitali kubwa za Ulaya. Kilibuniwa Afrika, kwa ajili ya mkunga aliye peke yake mbali na daktari, ili ajue kwa macho yake mwenyewe ni saa ngapi ya kuita gari. Ni kama kiliandikwa kwa ajili ya Nyakanazi. Baada ya majaribio makubwa Shirika la Afya Duniani lilikisambaza duniani kote katika miaka ya 1990.

Wakunga wengi walijifunza patografu chuoni, wakaifaulu katika mtihani. Kazini, mkunga mmoja mwenye wazazi watatu kwa mara moja huijaza baada ya mtoto kuzaliwa, ili kumbukumbu ziwe kamili. Karatasi iliyojazwa baadaye haimwokoi mtu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya ya kuchukua mahali pake. Uchungu wenyewe sasa huhesabiwa kuanzia sentimita 5 na si 4. Ule mstari wa sentimita moja kwa saa umeondolewa kwa kuwa wanawake wazima wengi hawaufuati. Na mkunga huulizwa pia kama mama ana mwenzake, amekunywa maji, na amekaa mkao gani. Mkunga aliyesoma mwaka 1995 anapaswa kuachana na kanuni aliyoishika kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano. Nani atakayemfikishia, na nani atakayekaa naye mpaka mkono wake uzoee?

Jambo la pili ni damu. Kutokwa damu baada ya kuzaa huua kuliko sababu nyingine yoyote ya uzazi, na huua kwa saa chache. Sindano ya oksitosini huzuia, lakini dawa hiyo hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na umeme wa vijijini twaujua. Ndiyo maana habari ya mwaka 2018 ya karbetosini isiyoharibiwa na joto ilikuwa njema. Habari kubwa zaidi ilikuja mwaka 2023, kutokana na utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukiwahusisha wanawake zaidi ya 210,000. Kwa zamani zote mkunga alikadiria damu kwa jicho, na jicho hudanganya: katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, karibu nusu ya wanawake waliokuwa wakitokwa damu nyingi hawakutambuliwa. Katika hospitali nyingine mama aliwekewa chini yake kitambaa cha plastiki chenye mfuko ulioandikwa vipimo, na mara damu ilipozidi kipimo mkunga alifanya mambo yote kwa pamoja bila kungoja kimoja kishindwe: kukanda tumbo, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, asidi ya traneksami, maji ya mshipani, na uchunguzi wa chanzo. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zote hizo zilikuwapo tangu awali. Kilichoongezwa ni mfuko wenye mistari na utaratibu wa mkono.

La tatu ni pumzi ya mtoto. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, iliyoanzishwa na Wanorwe mwaka 1955, wakunga walifundishwa mwaka 2010 kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa kumkausha, kumsugua, na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa kabla ya dakika ya kwanza kuisha. Mafunzo yalichukua siku moja. Walipojaribiwa kwa mwanasesere walifanya vizuri sana. Watafiti kisha wakaangalia chumba cha kuzalia: hapakuwa na badiliko. Mikono ilirudi kwenye mazoea yake.

Naomba msomaji alitafakari hili. Wakunga wa jadi waliachwa kwa sababu semina zao hazikupunguza vifo. Na hapa wauguzi wenye vyeti, katika hospitali nzuri, semina yao nayo haikupunguza kitu. Basi pengine tatizo lilikuwa ni semina yenyewe, zaidi kuliko waliohudhuria.

Haydom hawakukata tamaa. Tangu mwaka 2011 waliweka mwanasesere palepale wodini, wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, wakati wa kupokezana zamu. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Kutokana na hayo ulikua mpango mkubwa zaidi, uliopelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Shinyanga, Mwanza na Geita, ukihusu wazazi wapatao 280,000, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wanaofia tumboni karibu na kuzaliwa pamoja na vya siku ya kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Wakunga walipewa pia kifaa cha kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, kinachoitwa Moyo, lakini viongozi wa mpango wenyewe wasema kiini ni yale mazoezi madogo ya kila juma.

Geita ni jirani yetu. Chato ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo kabla ya kugawanywa. Kagera haikuwa katika ile mikoa mitano.

Takwimu za nchi zatia moyo. Kwa mujibu wa uchunguzi wa taifa, mwaka 2004 hadi 2005 wazazi 47 tu kati ya 100 walizalia katika kituo cha huduma, na vifo vya akina mama vilikadiriwa kuwa 578 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Mwaka 2022 waliozalia kituoni walikuwa 81 kati ya 100, na vifo 104. Mpango wa serikali wa mwaka 2007 wa kujenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata umechangia sana, hata kama haukukamilika ulivyoandikwa. Lakini wastani wa taifa huwachanganya mama wa Dar es Salaam na mama wa ndani ya pori. Na mama akiisha kufika kituoni, kuna kikwazo ambacho hakijengwi kwa saruji: ulimi. Wapo wanawake wanaosema mbele ya mchungaji wao kwamba walibaki nyumbani mimba ya pili kwa sababu ya matusi waliyopata katika ya kwanza. Huko Korogwe na Muheza, mradi ulioitwa Staha ulikaa na wauguzi na wananchi pamoja, wakaandika wenyewe ahadi za kutendeana, na malalamiko ya kutukanwa na kupuuzwa yakapungua sana. Muuguzi naye alipata nafasi ya kueleza kwamba amekuwa zamu peke yake tangu jana.

Mwezi Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Biharamulo. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 2 na waliodhaniwa 8, na wote 10 walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kumalizika tarehe 13 Machi. Ugonjwa huu huenea kwa damu na majimaji ya mwili, na dalili moja yake ni kutokwa damu. Mwanamke anayefika usiku akiwa na homa na damu, mkunga hawezi kujua mara moja kama ni mimba iliyoharibika, ni malaria, au ni kitu kingine. Kwa majuma yale wakunga wa zahanati zetu walivaa aproni, miwani na glovu mbilimbili katika joto, wakapima homa mlangoni, wakaendelea kuzalisha. Uzazi haukusimama hata siku moja.